Kutoka Loleza hadi Engadin: Mwongozo Kamili wa Kutembea Milima ya Uswisi Majira ya Mapukutiko

Mkazi wa Mbeya anayepata nafasi ya kwenda Uswisi mwezi Septemba au Oktoba, iwe kwa masomo, kwa mwaliko wa ushirika wa kanisa au kwa kumtembelea ndugu, huulizwa na jamaa swali lile lile: baridi utaiweza? Baada ya safari mbili kwenye milima ya Engadin, bonde refu la kusini-mashariki mwa Uswisi, jibu langu ni kwamba baridi tunaifahamu vya kutosha. Aliyewahi kulala Kitulo mwezi Julai, akaamka na kukuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda, hatishwi na asubuhi ya Oktoba ya Uswisi. Tusichokifahamu ni siku fupi. Mbeya iko karibu na nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na kwetu tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haizidi sana saa moja. Kule tofauti hiyo ni kama saa 7, na sehemu kubwa ya mwanga hupotea ndani ya majuma hayo hayo ya Septemba na Oktoba. Kwa sababu hiyo, karibu kila hatua katika mwongozo huu inapimwa kwa jua.

Nimetumia neno mapukutiko kwa makusudi. Vitabu vingine huyaita majira haya vuli, lakini vuli ya Pwani ni mvua, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna hata hiyo vuli, kwa kuwa mvua yetu ni moja, inayoanza karibu na Novemba. Anayefunga safari akiwa na picha ya vuli kichwani atabeba mwavuli na kusahau glovu.

Hatua ya kwanza: kuchagua juma la safari

Mwezi Septemba vibanda vya wapanda milima bado vina wahudumu, magari ya nyaya yanafanya kazi, na ng'ombe wanateremshwa kutoka malisho ya juu wakiwa na kengele kubwa shingoni. Katika jimbo la Graubünden, ambamo Engadin imo, Septemba ni pia mwezi wa uwindaji mkubwa, hivyo ni busara kuvaa rangi inayoonekana kwa mbali na kutotoka nje ya njia.

Oktoba ndio mwezi wa rangi. Huko kuna mti uitwao lachi, ambao kwa umbo ni ndugu wa misindano yetu ya Sao Hill kule Mufindi, isipokuwa kwamba majani yake hugeuka ya dhahabu na kupukutika, jambo ambalo msindano haufanyi kamwe. Bonde zima hubadilika rangi kwa siku chache, na picha hazilitendei haki. Hata hivyo, vibanda vingi huanza kufungwa kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, na mwishoni mwa Oktoba magari mengi ya nyaya husimama ili yafanyiwe matengenezo kabla ya msimu wa theluji. Kwa maoni yangu, anayekwenda kwa mara ya kwanza achague siku zilizo kati ya juma la mwisho la Septemba na katikati ya Oktoba. Anayelazimika kwenda Novemba abaki kwenye njia za chini.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uswisi hurudishwa nyuma kwa saa moja. Asubuhi hiyo basi la mapema bado linafuata saa iliyoandikwa kwenye ratiba, lakini jioni giza linakuja saa nzima mapema kuliko ulivyozoea siku iliyotangulia.

Hatua ya pili: karatasi

Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na fedha yake ni faranga, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya muda mfupi ni ile ile, na inaruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90. Pasipoti iwe halali kwa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka huko.

Bima ndiyo inayostahili kusomwa mstari kwa mstari. Sharti la viza ni bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, nayo bima ya namna hiyo inaweza kumridhisha ofisa wa viza bila kukusaidia mlimani, kwa kuwa baadhi ya sera huondoa michezo ya milimani au kutembea juu ya kimo fulani. Muulize wakala, na umtake akuonyeshe kwa maandishi, kama uokoaji kwa helikopta umo.

Hatua ya tatu: mazoezi, kuanzia Juni

Oktoba kwetu ni mwezi wa joto na vumbi, mvua zikiwa bado hazijaanza. Anayesubiri Oktoba ndipo afanye mazoezi ataondoka Mbeya mwili ukiwa umezoea jua. Anza Juni, wakati upepo wa asubuhi unauma.

Loleza, wenye mita 2,656, unatosha kuwa darasa la kila juma. Kutoka mjini, palipo na kimo cha mita 1,700 hivi, unapanda zaidi ya mita 900, na huo ni mpando unaolingana na siku kamili ya kutembea katika Alps. Beba kilo 7 au 8 mgongoni, na andika muda uliotumia kupanda pamoja na muda wa kushuka, kila mara, katika daftari. Watu hujivunia kupanda, ilhali magoti huharibika wakati wa kushuka. Kwa hiyo shuka polepole, kwa hatua fupi, na uangalie kama siku ya pili unaweza kuteremka ngazi bila kushika ukuta. Mara moja kabla ya safari, panda Mlima Rungwe wenye mita 2,960, ukiwa umelipa kiingilio cha hifadhi na kuchukua kiongozi. Ni safari ya siku nzima ndani ya msitu wenye unyevu na utelezi, nayo itakuonyesha udhaifu wa buti zako ukiwa bado karibu na nyumbani.

Faida moja tunayo bila kuitolea jasho. Mtu anayeishi kwenye mita 1,700 hufika katika miji ya Engadin ya Juu, iliyo kwenye mita 1,700 hadi 1,800, akiwa kama hajahama, wakati mgeni aliyetoka usawa wa bahari anahema kwenye ngazi za hoteli. Juu ya mita 2,500 hata sisi tunaweza kuumwa kichwa, na dawa ya kwanza ni kuteremka.

Hatua ya nne: mavazi na mzigo

Mwanjelwa utapata karibu kila kitu, kwa sehemu ndogo ya bei ya Uswisi, mradi ujue unachokitafuta. Vazi linalogusa ngozi liwe la sufu au la nailoni, lisiwe la pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho wakati wa kupanda hukaa na ubaridi wake mgongoni hadi jioni. Juu yake vaa sweta zito, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo wala maji. Ongeza mzula, glovu jozi mbili kwa sababu moja italowa, na soksi za sufu.

Buti zinahitaji neno refu zaidi. Buti nyingi za mitumba zina tabaka la povu gumu kati ya soli na ngozi, na povu hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata kama buti halijavaliwa, hadi siku moja soli inabanduka nzima. Mimi nilirithi jozi nzuri kwa kaka yangu, zikiwa zinang'aa, nikazivaa Rungwe, na soli ya kushoto ikabaki njiani tulipokuwa tukishuka. Nilifika chini mguu ukiwa umefungwa kwa kamba ya mfuko. Kabla ya kununua, bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba na ukunje buti kwa nguvu. Ukiona nyufa ndogo au unga unaodondoka, liache hata kama ni la bure. Raba za kawaida zinafaa kwenye njia za bondeni tu.

Tochi ya kichwani, yenye betri mpya, iingie begini kabla ya kitu kingine chochote, hata kama unakusudia kurudi saa 8 mchana. Simu si tochi, kwa kuwa inachukua mkono mmoja, na baridi humaliza chaji yake upesi. Ihifadhi mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kuanzia katikati ya Oktoba, ongeza minyororo midogo yenye meno ya chuma inayovalishwa juu ya buti, ambayo huuzwa katika maduka ya miji ya milimani.

Kuhusu chakula, nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Uswisi kutoka kwetu, na parachichi la Rungwe nalo, pamoja na sifa zake zote, haliingii bila cheti cha afya ya mimea. Majani ya chai ya Tukuyu niliyabeba bila shida. Chupa ya chai yenye ujazo wa nusu lita, ikijazwa asubuhi, ina thamani kubwa sana saa 9 alasiri kwenye kivuli.

Hatua ya tano: kusoma vibao na alama

Uswisi ina zaidi ya kilomita 60,000 za njia za miguu, nazo zimewekewa vibao vinavyotaja mahali na muda wa kufika, vya manjano karibu kote na vya bluu kwenye njia za juu zaidi. Rangi iliyo kwenye ncha ya kibao na kwenye mawe ndiyo inayokuambia ugumu. Manjano tupu ni njia ya kawaida. Nyeupe, nyekundu na nyeupe ni njia ya mlimani, inayodai buti imara na mtu asiyeogopa kimo. Nyeupe, bluu na nyeupe ni njia ya juu zaidi, ambayo inaweza kupita kwenye barafu au miamba ya kushika kwa mikono; majira ya mapukutiko, mgeni asiifuate bila kiongozi.

Muda ulioandikwa ni wa kutembea tu, bila mapumziko. Ratiba za treni na mabasi nazo huandikwa kwa saa zinazohesabiwa kutoka usiku wa manane. Sisi tunaosema saa 1 asubuhi tukimaanisha 07:00 hufanya makosa hasa tukiwa tumechoka. Andika ratiba ya kurudi kwa namna zote mbili kwenye karatasi moja.

Hatua ya sita: kuikokotoa siku

Siku ya kwanza tembea njia fupi na ulinganishe muda wa kibao na muda wako halisi. Kama kibao kilisema saa 1 na dakika 30, nawe ukatumia saa 2, basi kila kibao utakachokiona uongeze theluthi moja. Usione haya, mimi ndivyo nilivyokuwa.

Katikati ya Oktoba, jua katika Engadin huchomoza karibu saa 1 na dakika 35 asubuhi na kuzama karibu saa 12 na dakika 35 jioni. Usidanganyike na saa hiyo ya kuzama, maana bonde lenye kuta ndefu hupoteza jua mapema zaidi, na likishapotea joto huanguka ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Jiwekee sharti la kuwa chini saa 11 jioni. Sasa chukua njia ambayo vibao vyake vinajumlisha saa 4 na nusu. Ukiongeza theluthi unapata saa 6, na ukiongeza saa moja ya kula na kupiga picha unapata 7. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka saa 11, lazima uwe umeanza saa 4 kamili asubuhi. Treni yako ikifika saa 4 na dakika 20, njia hiyo si ya siku hiyo, na hakuna sababu ya kujadiliana nayo.

Kisha weka saa ya kugeuka. Ni saa ambayo, popote utakapokuwa, hata kama kilele kiko mita mia moja mbele yako, utarudi. Mwambie mwenzako saa hiyo kabla ya kuanza, kwa sababu mtu aliyeitaja mbele ya mwingine huona vigumu kuivunja.

Hatua ya saba: hewa, kivuli na ukungu

Programu ya simu ya idara ya hali ya hewa, MeteoSwiss, ni ya kuaminika, na ile ya ramani za serikali, swisstopo, hufanya kazi bila mtandao ukiwa umepakua eneo lako. Katika utabiri, tafuta kimo cha nyuzi sifuri. Theluji inaweza kufika mita mia kadhaa chini ya kimo hicho. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo nyuzi 10 za kituo cha treni zinaweza kuwa 3 au 4 huko uendako, kabla ya kuhesabu upepo.

Mambo mawili humchanganya mtu wa Mbeya. La kwanza ni ukungu. Kwetu ukungu hukaa juu, kwenye Uporoto na kichwani mwa Rungwe, na anayetaka jua huteremka. Uswisi, Oktoba na Novemba, hewa baridi hutulia chini kama maji ndani ya beseni, na miji ya nyanda za chini hushinda siku nzima ndani ya kijivu wakati milima iliyo juu yake ina jua kali. Ukiamka ukakuta ukungu mjini usirudi kitandani. Tazama kwanza kamera za mlimani zinazoonyeshwa bure kwenye intaneti, kwani huenda nusu saa ya treni ikakutoa juu ya mawingu.

La pili ni kivuli, na hili ni la hatari zaidi. Kwetu jua hupita karibu na utosi, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na kila upande wa mlima hupata zamu yake. Kule jua hupita kusini daima, na Oktoba hupita chini. Mteremko unaotazama kaskazini unaweza kukaa majuma bila kuguswa na mwale mmoja, na maji yanayochuruzika juu ya njia yakaganda na kubaki hivyo. Nilikuwa nikitembea kwa raha katika jua, koti likiwa begini, nikapinda kona moja na kuanguka kwa mgongo kabla sijajua nimekanyaga nini. Barafu hiyo haina weupe. Inafanana na jiwe lenye maji. Kabla ya kuchagua njia, itazame kwenye ramani na uulize kila sehemu inaelekea wapi. Zinazotazama kusini na magharibi ndizo za msimu huu.

Hatua ya nane: njia za kuanzia

Anza na bonde la Roseg. Kutoka Pontresina, mita 1,805, njia pana hupita kando ya mto kwa kilomita 7 hivi hadi hoteli iliyo karibu na mita 2,000, ndani ya msitu wa lachi. Ni kama saa 2 za kibao kwenda, na mpando wake hauchoshi.

Siku ya pili nenda Morteratsch, kituo cha treni kilicho kwenye mita 1,896. Njia fupi huelekea kwenye ulimi wa mto wa barafu, na kando yake vibao vya miaka vinaonyesha barafu ilikuwa inaishia wapi zamani. Unatembea kutoka mwaka hadi mwaka, na kwa sehemu kubwa barafu yenyewe huioni. Mimi sijaona somo la tabianchi lililo wazi kuliko hilo. Usikanyage barafu wala kusimama chini yake.

Njia ya tatu ni ile ya kutoka Muottas Muragl, mita 2,454, hadi Alp Languard. Unapandishwa na treni ya kamba iliyoanza kazi mwaka 1907, kisha unatembea karibu kilomita 7 ubavuni mwa mlima, maziwa ya bonde yakiwa chini yako na barafu ya Bernina mbele. Alama ni nyeupe, nyekundu na nyeupe. Kabla ya kuondoka hakikisha kiti cha nyaya cha kukuteremsha Pontresina hakijafungwa, kwani kikiwa kimefungwa itakubidi uongeze mteremko wa zaidi ya mita 500 kwa miguu katika hesabu yako. Ukikutana na watu, salamu ya huko ni "Allegra", na wanaitarajia kama sisi tunavyotarajia salamu njiani kwenda shamba.

Anayefika Novemba aelekee jimbo la Valais, kwenye mteremko unaotazama kusini kati ya Hohtenn na Lalden, kando ya reli ya Lötschberg iliyofunguliwa mwaka 1913. Njia hiyo hufuata mifereji ya zamani ya kumwagilia mashamba, na mkulima wa kwetu ataielewa bila mkalimani.

Hatua ya tisa: kulala kibandani

Ukitaka kulala juu, weka nafasi mapema kwa simu au kwa intaneti, na ughairi mapema kama huendi. Vibanda vya Klabu ya Alps ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1863, vinamtaka kila mgeni awe na mfuko wa shuka wa kulalia ndani ya mablanketi. Usiununue, mpe fundi cherehani shuka jepesi alikunje, alishone pande mbili, basi. Beba faranga taslimu. Msimu ukiisha, vibanda vingi huacha chumba kimoja wazi chenye kuni na mablanketi lakini bila chakula wala mhudumu, na hicho ni cha wazoefu.

Hatua ya kumi: mambo yakienda mrama

Kila asubuhi mwachie mtu wa mapokezi, au ndugu aliyeko huko, karatasi yenye jina la njia na saa ya kurudi. Ndugu wa Mbeya asiwe ndiye pekee anayejua, maana saa zetu ziko mbele kwa saa moja, au mbili baada ya Oktoba kuisha, na atakapoanza kuwa na wasiwasi hatakuwa na wa kumpigia.

Helikopta ya uokoaji ya Rega huitwa kwa namba 1414 ukiwa Uswisi. Valais tumia 144. Na 112 hufanya kazi kote Ulaya. Taja kwanza mahali ulipo, kisha kilichotokea, idadi ya watu, na hali ya hewa unayoiona. Helikopta ikija, simama ukiwa umeinua mikono yote miwili kama herufi Y kuonyesha kwamba unahitaji msaada.

Giza likikukuta bila mtandao wa simu, usiendelee kushuka kwa kupapasa. Vaa kila kitu ulichonacho, kalia begi ili usikalie jiwe, maliza chai iliyobaki. Kisha washa tochi na kuizima mara sita ndani ya dakika moja, ngoja dakika moja, urudie. Filimbi hutumika vivyo hivyo. Endelea hata kama hakuna anayejibu, kwa kuwa sauti na mwanga husafiri mbali katika mabonde hayo. Ukiona upande wa pili mwanga ukimulika mara tatu kwa dakika, umeonekana. Baki hapo hapo, na tochi yako iendelee kuwaka hadi wakufikie.